Mazalia ya Samaki Mweru: Kwa Nini Ziwa Hufungwa, na Nani Hulilinda

Kila ifikapo tarehe 1 Desemba, msimu wa uvuvi katika Ziwa Mweru upande wa Zambia hufungwa, na haufunguliwi mpaka Februari iishe. Kila mwaka pia, majuma machache kabla ya siku hiyo, swali lile lile hutufikia kutoka mialoni, tangu Nchelenge na Kashikishi hadi Mununga na Chiengi: polisi wana kazi gani na samaki, hali wezi na wavunjaji wa nyumba wapo? Ni swali la haki. Tungeweza kujibu kwamba sheria imesema na sisi ni watumishi wa sheria, lakini jibu la namna hiyo halimshibishi mtu mwenye watoto na mtumbwi uliopinduliwa mchangani. Kwa hiyo tumeona vema kueleza jambo lenyewe tangu chini.

Tunaeleza kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha inayopanda mtumbwi na kuvuka. Wachuuzi wa Pweto, Kilwa na Kasenga huja nayo, familia zilizohamia makazi ya Mantapala tangu mwaka 2018 zinaizungumza nyumbani, na Wazambia wengi wa pwani hii ya ziwa wamejifunza kuuzia na kununulia kwa lugha hiyo. Samaki wenyewe hawana lugha wala pasipoti. Anayezaliwa kwenye matete ya upande mmoja hukulia maji ya upande mwingine.

Ziwa Mweru lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 5,000, na mtu akisimama Mununga akatazama magharibi huona maji hadi macho yachoke. Ni rahisi kudhani kwamba katika maji mengi hivyo samaki huzaa popote apendapo. Sivyo. Katikati ya ziwa ni malisho na njia. Chumba cha uzazi kiko pembezoni: kwenye matete na mafunjo, kwenye ghuba zenye maji mafupi na mchanga safi, katika vinamasi vya Mofwe na vya Luapula kule kusini, na katika mlango wa Mto Kalungwishi unaoingia ziwani upande wetu wa mashariki. Sehemu hizo ni ndogo mno zikilinganishwa na ziwa zima, na karibu zote zinafikika kwa kasia. Hapo ndipo palipo na hatari.

Mfano ulio karibu nasi ni samaki aitwaye pale. (Jina hili limewachekesha wageni wengi wasemao Kiswahili: wakimuuliza mchuuzi anauza nini huambiwa "pale", nao hugeuza shingo kutazama wapi.) Dume la pale huchimba kiota kwenye sakafu ya maji mafupi, likakisafisha na kukilinda. Jike hutaga humo, kisha huyaokota mayai yote kwa kinywa na kuyahifadhi mdomoni hadi yaanguliwe. Vifaranga wakishatoka huogelea karibu na mama, na wakiona kivuli cha hatari hukimbilia tena kinywani. Siku zote hizo mama hali chochote, au hula kidogo sana. Hivyo anayemvua jike wa pale wakati huo amepata kitoweo cha jioni moja na kupoteza mamia ya samaki ambao wangevuliwa mwakani. Na anayeburuta kokoro juu ya viota hahitaji hata kumpata jike: kamba na risasi za kokoro zinatosha kuvisawazisha vyote, vya dume huyu na vya jirani yake.

Mpumbu ana desturi nyingine, na habari yake ndiyo ambayo tungependa kila kijana wa mialoni aijue. Yeye hahifadhi mayai mdomoni. Mvua zikijaza mito, mpumbu wakubwa walikuwa wakiacha ziwa kwa makundi makubwa sana na kupanda Mto Luapula wakiwa wamejaa mayai, wapate kuyamwaga kwenye maji ya mafuriko. Wazee wa Luapula wanasimulia safari hiyo kama watu wengine wanavyosimulia mavuno ya nafaka. Kuanzia miaka ya 1920 wafanyabiashara, Wagiriki wengi wao, walikaa Kasenga wakinunua samaki wa Mweru na Luapula na kuwapeleka kwa barafu hadi Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, ili kuwalisha wafanyakazi wa migodi ya shaba. Soko halikuwa na mwisho. Nyavu zikapangwa penye mlango wa mto, katika majuma yale yale ambayo mpumbu anapita na mayai yake, kwa kuwa hapo hana njia nyingine na hakuna haja ya kumtafuta. Tawala mbili za kikoloni, Waingereza ng'ambo hii na Wabelgiji ng'ambo ile, hazikuwa na kanuni moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mavuno ya mpumbu yalikuwa yameporomoka, na ile safari kubwa ya mvua haikurudi tena. Mpumbu hajatoweka kabisa, bado mmoja mmoja huonekana nyavuni. Lakini mtu aliyezaliwa Nchelenge mwaka 1990 hajamwona mpumbu kama babu yake alivyomwona.

Tumesimama kwenye habari hiyo kwa sababu watu hutuambia kwamba ziwa haliwezi kuisha, Mungu ndiye anayelijaza. Ziwa hili limekwisha kupoteza samaki mmoja, na wanaokumbuka bado wapo. Hakukuwa na sumu wala ukame wa miaka mingi. Alivuliwa mahali pasipostahili na wakati usiostahili, basi.

Hapa tunaomba ruhusa ya kusafiri kidogo. Wakazi wa Mweru wanazijua Kilwa mbili: mji wa Kilwa ulio upande wa Kongo, na Kisiwa cha Kilwa kilicho upande wa Zambia. Iko ya tatu, Kilwa Kisiwani, katika pwani ya Bahari ya Hindi nchini Tanzania. Msikiti mkuu na majumba ya kale ya Kilwa hiyo yalijengwa kwa mawe ya matumbawe, nayo magofu yake yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Matumbawe hayo, ambayo mtu wa bara anaweza kuyadhani ni mwamba tu, ni kazi ya wadudu wadogo wa baharini wanaojijengea nyumba za chokaa, kizazi juu ya kizazi. Yale ya umbo la duara hukua kwa takriban sentimita 1 kwa mwaka. Ndani ya mianya yake samaki wa pwani huzaa, hujificha na kukua. Kwa ufupi, matumbawe ni kwa bahari kile ambacho matete na ghuba za mchanga ni kwa Mweru, isipokuwa matete hurudi mvua mbili tatu zikipita, na tumbawe lililovunjwa huchukua miongo.

Watu wa pwani hiyo waliyavunja kwa baruti. Kwa miaka mingi wavuvi wa sehemu mbalimbali za Tanzania, Tanga hadi Mtwara, walitupa milipuko majini na kuokota samaki wanaoelea. Sheria ilikwisha kupiga marufuku tangu mwaka 1970, lakini milio iliendelea kusikika mchana kweupe. Mlipuko mmoja huacha shimo lenye kifusi, na kifusi hicho husukumwa na mawimbi huku na huku, hivyo tumbawe changa halipati mahali pa kushika. Halafu mwaka 1998 joto la bahari lilipanda kupita kiasi, na matumbawe ya Afrika Mashariki yalipauka na kufa kwa wingi. Yale yaliyokuwa mazima yalikuwa na nguvu ya kuanza upya. Yaliyokwisha kupondwa hayakuwa na pa kuanzia.

Mambo mawili yaliyofanyika huko yanatuhusu sisi askari moja kwa moja. La kwanza: kuanzia mwaka 2015 Tanzania iliunda kikosi kazi cha vyombo kadhaa, polisi wakiwamo, dhidi ya makosa ya mazingira, na katika miaka iliyofuata milipuko ikapungua sana. Tunavyoona sisi, siri yake haikuwa boti nyingi. Ni kwamba vyombo viliacha kumtazama mtupaji wa baruti kana kwamba yuko peke yake, vikauliza baruti inatoka wapi, nani anaisafirisha, na nani ananunua samaki mwenye tumbo laini na uti uliovunjika.

La pili lilianza kabla ya hilo, na halikuanzishwa na polisi. Katika Kisiwa cha Chumbe, karibu na mji wa Zanzibar, eneo la matumbawe lilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, na walinzi walioajiriwa walikuwa wavuvi wenyewe. Hawakupewa bunduki. Kazi yao ilikuwa kusogea kwenye ngalawa ya mwenzao, kumsalimu, na kumweleza kwa nini hapa havuliwi na kwa nini samaki wanaokulia hapa watamfikia yeye nje ya mpaka. Huko Kuruwitu, katika kaunti ya Kilifi nchini Kenya, wanakijiji walikusanyika mwaka 2003 baada ya kuona nyavu zinarudi tupu, wakaafikiana kufunga eneo la hekta zipatazo 30 na kulilinda wenyewe. Wako waliopinga, na si wachache, maana aliyefungiwa leo hali chakula cha kesho. Samaki walirudi, na mwaka 2017 jumuiya hiyo ilipata tuzo ya Umoja wa Mataifa iitwayo Equator. Sasa wanakwenda mbele zaidi: katika pwani hiyo ya Kenya, kuanzia Kuruwitu hadi Wasini kule kusini, vipande vya matumbawe hufungwa kwenye miundo iliyozamishwa chini ya maji ili vikue pale palipobomoka. Ni kazi ya subira na ya gharama, na haifai kitu mahali ambapo hakuna anayelinda.

Turudi Mweru, ambako ulinzi wa namna hiyo si jambo geni. Masimulizi ya Luapula yanasema kwamba Nachituti, baada ya kaka yake Nkuba, mtawala wa Washila, kumuua mwanawe, alimwendea Mwata Kazembe kutaka kisasi, na alipokipata akamkabidhi Mwata udongo ndani ya kikapu na maji ndani ya chungu. Nchi na ziwa vilikabidhiwa pamoja. Lakini hata baada ya hapo, vinamasi na ghuba viliendelea kuwa na wenyewe, watu waliojulikana, waliofanya sadaka za mababu kabla ya watu kuingia kuvua. Hatuandiki hili ili kurudisha matambiko. Tunaandika kwa sababu tunasikia ikisemwa kwamba kufunga uvuvi ni mtindo wa wazungu na wa mjini. Kila aliyelelewa mwambao huu anajua kwamba babu yake hakuingia kila mahali kila siku.

Sheria ya Uvuvi ya Zambia ya mwaka 2011 imeweka nafasi ya kamati za usimamizi wa uvuvi ambamo jamii inakaa pamoja na Idara ya Uvuvi. Pale ambapo kamati ina watu wanaoheshimiwa na wenye mitumbwi yao wenyewe, kazi yetu huwa nyepesi. Penye kamati ya jina tu, askari hufika baada ya kokoro kuvutwa, na tunachokamata ni nyavu zenye tope na vijana wawili waliolipwa kuzivuta.

Tuseme basi ni nini hasa kinachowatia watu matatani katika pwani hii. Kuvua katika miezi ya kufungwa ni kosa. Kutumia sumu au vilipuzi ni kosa mwaka mzima. Makokoro na nyavu za matundu madogo mno zinavua kizazi ambacho hakijazaa hata mara moja. Kutumpula, yaani kupiga maji kwa rungu ili kuwafukuza samaki waingie wavuni, huwatoa pale kwenye viota vyao hasa katika maji mafupi ambamo mbinu hiyo hutumika. Na kuziba mlango wa mto kwa nyavu kutoka ukingo hadi ukingo ni kurudia neno kwa neno yaliyompata mpumbu.

Juu ya chandarua tunataka kuongeza maneno, kwa kuwa hapa hata watu wema hukosea. Wilaya ya Nchelenge ni miongoni mwa sehemu za Zambia zinazoteswa sana na malaria, na vyandarua vinavyogawiwa vimetiwa dawa. Dawa hiyo imetengenezwa kwa ajili ya mbu, lakini ni kali sana kwa samaki na wadudu wa majini ambao vifaranga huwala. Chandarua kikishonwa kuwa wavu, mtoto wa nyumba ile hulala bila kinga, maji mafupi hupata sumu, na vifaranga wasiofikia urefu wa kidole hukaushwa kwenye mkeka. Tumeona watu wakivisambaza ufukoni bila kujificha, kwa sababu havionekani kama silaha ya kosa. Sisi tunaviona hivyo.

Hatusemi kwamba miezi hii mitatu ni mepesi. Desemba hadi Februari ndiyo miezi ambayo ghala limepungua na mahindi mapya hayajakomaa, na Januari shule hufunguliwa. Mvuvi anayeingia ziwani usiku wa mwezi huo si jambazi, na tungependa askari wenzetu wakumbuke hivyo wanapomkamata. Lakini pia hatukubali kwamba umaskini ndio unaoendesha uvuvi haramu wote. Kokoro refu lina bei ambayo kijana mwenye mtumbwi wa kukodi hawezi kuilipa. Yuko aliyelinunua, naye mara nyingi hakai hata ziwani. Yuko mwenye gari linalongoja barabarani kabla ya alfajiri. Kama wenzetu wa Tanzania walivyofuata njia ya baruti, tunataka kufuata njia ya nyavu na ya fedha, na hilo haliwezekani bila ninyi, kwa kuwa mnawajua watu hao kwa majina.

Kwa mchuuzi mwanamke anayevuka kutoka Pweto au Kilwa, au anayenunua Kashikishi kupeleka Mantapala, shauri letu ni hili. Kama una samaki waliokaushwa kabla ya kufungwa, usingoje mpaka usimamishwe njiani. Nenda katika ofisi ya Idara ya Uvuvi Nchelenge kabla ya tarehe 1 Desemba uulize namna ya kuthibitisha shehena yako. Ukisimamishwa na askari, una haki ya kumuuliza jina lake na kituo chake, na mali ikichukuliwa iandikwe. Askari anayetaka alipwe ufukoni ili afumbe macho halindi mazalia ya samaki, analinda mfuko wake, na taarifa zake zifike kwa mkuu wa kituo. Asiporidhika mtu, ipo Tume ya Malalamiko dhidi ya Polisi.

Kwa ndugu zetu wa upande wa Kongo, tunatambua kwamba mamlaka yetu yanaishia mpakani, na mpaka huo unapita katikati ya maji ambako hakuna ukuta. Mvuvi anayetafuta nyavu zilizopeperushwa na upepo anaweza kujikuta ng'ambo bila kukusudia. Tunawaomba wenye mitumbwi wa pande zote mbili wasijichukulie hatua, wasinyang'anyane nyavu wala mashine, bali wapeleke malalamiko kwa vyombo vya upande wao ili vizungumze na wenzao. Ugomvi wa nyavu uliogeuka kuwa wa mataifa mawili ni mgumu kuuzima kuliko moto wa nyasi za Septemba.

Mtu akiona mazalia yanaharibiwa, asimfuate mhalifu majini usiku. Aje kituoni, au ampelekee habari mjumbe wa kamati ya uvuvi au mzee wa kijiji, akieleza mambo manne: mahali kwa jina ambalo wenyeji hulitumia, saa, aina ya zana, na samaki walipelekwa upande gani. Si lazima ataje jina lake, na akilitaja hatutalitangaza. Chandarua kilichochakaa kisitupwe ziwani wala kisichomwe penye maji. Wahudumu wa afya watamweleza mwenyewe la kufanya, na kama kina matundu madogo tu, sindano na uzi vinatosha.